Ukurasa Ukaze Uso: Kusanifu Jalada la Gazeti la Kejeli

Hotuba hii ilitolewa Nairobi mbele ya wachoraji wa vibonzo, waandishi na wasanifu wa kurasa. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya walioshindwa kufika.

Mabibi na mabwana, wachoraji, waandishi, na ninyi wasanifu wa kurasa mliojibanza kule nyuma karibu na soketi za umeme: hamjambo? Itifaki izingatiwe, tuingie kazini.

Nianze na swali. Mmewahi kumsikiliza mtu anayesimulia kichekesho huku akicheka mwenyewe kabla hajafika mwisho? Yeye anashika mbavu, ninyi mnatazamana. Sasa mkumbukeni yule mwingine, wa kwenye arusi, anayepewa kipaza sauti, anakohoa, anakaza uso kama karani wa mahakama, anasema sentensi moja tu, na hema zima linaanguka. Yeye hacheki. Anashangaa kwa nini ninyi mnacheka.

Ukurasa wa kwanza wa gazeti la kejeli ni huyo wa pili. Fonti za kurukaruka, vikaragosi pembezoni, alama tatu za mshangao, nyota ya manjano yenye neno "KICHEKO!" ndani yake: huo ni ukurasa unaojichekea. Ukurasa ukaze uso. Kichekesho kiwe mahali pamoja, na kila kitu kinachokizunguka, kuanzia jina la gazeti hadi mstari wa bei, kifanye kazi yake kwa uzito uleule wa gazeti la habari.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo, ili tusipotee. Habari yetu ni ya shimo. Shimo la barabarani, katika kaunti ambayo sitaitaja kwa sababu kila mmoja wenu ameshaitaja moyoni.

Maneno kwanza, wenzangu. Hakuna kufungua programu ya kusanifu kabla ya kichwa cha habari kupatikana. Gazeti la kejeli la The Onion lilianzishwa mwaka 1988 mjini Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, na utaratibu wake umekuwa darasa kwa wengi: vichwa hutangulia. Waandishi huleta mamia ya vichwa, huvisoma mezani, huchagua vichache, na hapo ndipo habari yenyewe huandikwa. Kichwa ndicho kichekesho. Habari iliyo chini yake ni ushahidi tu.

Kwa timu ya watu wanne, kila mtu aje na vichwa 15. Hivyo ni 60. Mtu mmoja avisome vyote kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya saa moja, bila kuinua nyusi. Kichwa kinachohitaji mwenyewe aeleze alichokusudia, kimekufa. Kizikwe bila matanga. Na msikimbilie kile kilichowachekesha zaidi ninyi wa mezani, maana ninyi mmechoka, na aliyechoka hucheka chochote. Tafuteni kile ambacho kingeweza kukaa kwenye gazeti la kweli na mtu akapita, kisha baada ya hatua mbili akarudi.

Pima hivi viwili. Cha kwanza: "Serikali ya Wezi Yashindwa Kuziba Mashimo!!!" Cha pili: "Shimo Latimiza Miaka 10." Kipi ni kejeli? Cha kwanza ni hasira, na hasira ina mahali pake, lakini msomaji ameshaisikia kwenye matatu asubuhi, tena kwa maneno makali zaidi. Cha pili hakijamtusi mtu. Kimetoa taarifa ya siku ya kuzaliwa. Aliyepaswa kuona aibu ataiona mwenyewe.

Na mtazame kitenzi. Vichwa vya magazeti ya Kiswahili vina nyakati zake: gavana azindua, wabunge wagoma, shimo latimiza. Ukiandika "Shimo Limetimiza Miaka 10", umetoka kwenye gazeti ukaingia kwenye mazungumzo ya jirani. Ni silabi moja tu, lakini uso umelegea. Msomaji hatakwambia kwamba ni kwa sababu ya kitenzi. Ataona tu kwamba hili si gazeti.

Sasa nafasi. Hapa ndipo Kiswahili kinapowatoa jasho wasanifu waliojifunza kwa violezo vya Kiingereza. Chukua tabloidi, yaani gazeti la karatasi ndogo, ya milimita 280 kwa 430. Toa ukingo wa milimita 13 kila upande, unabaki na upana wa 254. Ukiweka herufi kubwa za fonti nene ya kawaida, kwa ukubwa wa pointi 72, mstari mmoja utabeba kama herufi 15, nafasi zikiwemo. Kiingereza kinaweza kuishi na 15. Sisi je? Neno "waliosimamishwa" peke yake lina herufi 15. Umemaliza mstari, na hujasema ni nani.

Ndiyo maana fonti ya kichwa kikuu iwe nene na iliyobanwa tangu ilipochongwa. Ukubwa uleule wa pointi 72 utakupa kama herufi 22 kwa mstari. Nimesema iliyobanwa tangu ilipochongwa. Sijasema uichukue fonti pana uiminye kwa kipanya hadi asilimia 60. Ukiiminya, nguzo za wima zinakonda na za mlalo zinabaki nene, na herufi O inakuwa kama yai lililokaliwa. Kinyume chake ni kosa hilohilo: mstari wa pili ukiwa mfupi, usiuvute ufike ukingoni. Shimo letu tuliweke kwa pointi 96, mistari miwili. SHIMO LATIMIZA, herufi 14, inajaza. MIAKA 10, herufi 8, inaacha nusu ya mstari wazi. Acha wazi! Weupe ule ndio kule kukohoa kwa yule mzee wa arusini.

Jambo jingine ambalo violezo havikufundishi. Kiswahili kimejaa WA, YA na VA, na katika herufi kubwa jozi hizo huacha pengo, kwa sababu W, Y na V zinalala upande mmoja na A inalala upande mwingine. WANANCHI inasomeka W ANANCHI. YAZINDUA inasomeka Y AZINDUA. Kwa maandishi ya pointi 9 hakuna atakayeona; kwa pointi 96 pengo linaingia kidole. Zisogeze kwa mkono, jozi moja baada ya nyingine, kisha upindue ukurasa kichwa chini utazame tena. Ukiwa umepinduliwa jicho halisomi maneno, linaona mapengo.

Halafu ritifaa. Neno "ang'oa" likipoteza ritifaa yake limekuwa neno jingine, na herufi kubwa ndizo hupoteza ritifaa mara nyingi zaidi, kwa kuwa mtu anadhani ni uchafu wa skrini. Vilevile usichanganye ritifaa iliyonyooka na iliyopinda katika ukurasa mmoja. Na katika safu za habari, mwambie kompyuta kwamba lugha si Kiingereza, la sivyo itakata "wan-anchi". Silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu: wa-na-nchi. Programu isipokuwa na kamusi ya Kiswahili, zima ukataji wa maneno kabisa, panga maandishi yaanzie kushoto na upande wa kulia ubaki na meno. Ni afadhali meno kuliko neno lililovunjwa mguu.

Tumemaliza maneno? Bado kichwa kidogo. Kisilete mzaha mpya, kisukume uleule hatua moja mbele. "Gavana akata utepe, wakazi waahidiwa la pili." Pointi 24, fonti nyembamba zaidi. Ukitia mzaha wa pili usiohusiana, viwili hivyo vitapigania msomaji kama makanga wawili wanaomvuta abiria mmoja, na abiria atapanda gari la tatu.

Nije kwenye umbo. Kwa nini tunasisitiza kuazima umbo la gazeti la kweli? Sikilizeni kisa cha Ufaransa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1970, ukumbi wa dansi huko Saint-Laurent-du-Pont uliungua, watu 146 wakafa. Siku chache baadaye, tarehe 9 Novemba, rais wa zamani Charles de Gaulle akafariki nyumbani kwake katika kijiji cha Colombey. Gazeti la kejeli la Hara-Kiri Hebdo likatoa jalada lisilo na mchoro wowote. Maneno matupu: dansi ya msiba Colombey, mmoja afa. Lilikuwa limechukua sauti ya vichwa vya magazeti kuhusu ule moto na kuiweka juu ya kifo cha mtu mkubwa kuliko wote nchini. Serikali ikalipiga marufuku. Waliokuwa wakilitengeneza wakarudi mwezi huohuo na gazeti lenye jina jipya, Charlie Hebdo.

Mtu anaweza kuona jalada lile lilivuka mpaka, kwa sababu wafu 146 walikuwa na mama zao. Lakini ufundi wake mtauona. Kwa nini halikuhitaji mchoro? Kwa sababu msomaji alishabeba umbo kichwani. Na kwa nini jalada lilelile lisingefaa miezi sita baadaye? Kwa sababu umbo lingekuwa limesahaulika. Umbo la kuazima lina tarehe ya kuharibika kama maziwa.

Basi kazi ya nyumbani. Nunua magazeti matatu ya kila siku kwa wiki mbili. Chukua rula. Pima kimo cha jina la gazeti, pima unene wa mistari inayotenganisha safu, tazama maelezo ya picha yameandikwa kwa pointi ngapi, jina la mwandishi limekaa wapi, "Endelea Uk. 2" imewekwaje. Andika vipimo vyote kwenye daftari. Kisha, na hapa mnisikie vizuri, usinakili jina wala rangi za gazeti lolote moja. Changanya. Ukifanana na mmoja, utapata barua ya wakili kuhusu alama ya biashara. Ukifanana na wote, hakuna wa kukudai.

Jina la gazeti lenyewe lichukue milimita 55 hadi 60 pale juu, lisizidi, na liwe zito. Masikio yake, yale masanduku mawili ya kushoto na kulia kwa jina, ndiyo sehemu ambapo mizaha midogo inaruhusiwa. Gazeti la Le Canard enchaîné la Ufaransa, lililoanza mwaka 1915, limetumia masikio yake kwa vijembe vifupi na michoro ya bata kwa vizazi na vizazi. Ni zawadi kwa anayetazama mara ya pili. Sisi tunaweza kuandika: "Hali ya hewa: mvua kidogo, mafuriko mengi." Pointi 10, bila mchoro wa wingu linalotabasamu. Ukurasa ukaze uso, hata masikioni.

Na jalada limlenge nani? Tuna mfano wa hapahapa. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mjini Nairobi. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida wa mji huu, mwenye mshahara usiofika mwisho wa mwezi na mji unaomzunguka kama ulivyotuzunguka sisi asubuhi ya leo. Jarida lilimweka yeye katikati, na ukubwa wa wakubwa ukapimwa kwa macho yake. Kwa hivyo ukiwa na shimo, usianze na uso wa gavana. Anza na shimo. Gavana ni mgeni mwalikwa.

Hapo tumefika kwenye picha. Picha au mchoro? Kwa habari ya kubuni iliyovaa nguo za kweli, picha inakaza uso vizuri kuliko mchoro, kwa sababu mchoro wa kibonzo umeshatangaza mzaha kabla hujasoma. Mchoro uache kwa jambo lisiloweza kupigwa picha, au kwa siku ambayo mchoraji ana ishara moja yenye nguvu. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiwa wamefungwa mnyororo wenye tufe zito mguuni enzi za kesi zao katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Hague. Ishara moja, kila mara mahali palepale, na msomaji hakuhitaji maelezo. Mchoro wa jalada uwe wa namna hiyo: ukiuondolea maandishi yote, bado unasema.

Kama ni picha yenye kiputo cha maneno, mwalimu ni gazeti la kejeli la Private Eye la London, lililoanza mwaka 1961. Jalada lake kwa kawaida ni picha ya habari ya kweli, isiyoguswa, na kiputo. Basi. Bintimfalme Diana wa Uingereza alipofariki Paris tarehe 31 Agosti 1997, magazeti mengi yalilia pamoja na umma huku umma ukiyalaumu magazeti kwa kumwandama. Private Eye likachukua picha ya umati nje ya Buckingham Palace. Viputo vitatu. Mmoja anasema magazeti ni aibu tupu. Wa pili anamjibu kwamba ni kweli, yeye hakupata hata nakala moja, yameisha kote. Wa tatu anawaambia waazime la kwake, lina picha ya gari. Baadhi ya maduka yaliliondoa gazeti hilo rafuni.

Je, jalada lile lilimcheka marehemu? Hapana. Lilimcheka mnunuzi aliyelishika mkononi. Na kwa upande wa usanifu, picha yenyewe haina kosa: ni watu wamesimama, wengine na maua. Picha imekaza uso. Picha ya mtu aliyefumba jicho moja na kuachama mdomo tayari inacheka, nawe umebaki huna kazi.

Vipimo vya kiputo, kwa wanaoandika: maneno yasizidi 12 kwa kiputo, viputo visizidi vitatu. Maandishi pointi 16 hivi, na hewa ya milimita 3 hadi 4 kati ya maneno na ukingo. Ukingo wenyewe uwe mstari wa nusu pointi hadi robo tatu. Ndani pawe peupe kabisa, si pa kijivu. Mkia uelekee mdomoni lakini uishie njiani. Ukigusa midomo, mtu anaonekana anavuta mrija. Anayesema kwanza akae juu kushoto. Kama katika picha aliye kulia ndiye lazima aanze, tafuta picha nyingine, usigeuze hii kama kioo: vifungo vya koti, saa, na maandishi ya ukutani vitakusaliti. Na kamwe usiweke kiputo wala jicho la mtu kwenye mkunjo. Tabloidi ya 430 hukunjwa kwenye 215. Acha milimita 10 juu na 10 chini ya mstari huo bila kitu cha maana.

Maelezo ya picha ya shimo letu? "Shimo hilo jana asubuhi." Maneno manne. Nimeona mmetabasamu, na hakuna neno la kuchekesha hata moja ndani yake.

Sasa wino. Hapa ndipo majalada mazuri ya skrini huenda kufia, kuanzia River Road hadi Eneo la Viwanda, na lawama anatupiwa mchapaji. Mchapaji ana makosa yake, lakini mengi ni yetu.

Karatasi ya gazeti, ya gramu 45 hivi kwa mita mraba, inanyonya. Nukta ya wino huvimba: kivuli cha asilimia 50 kwenye skrini kinaweza kutoka karibu na 75 kwenye karatasi. Nani anaumia? Nyuso zetu. Ngozi nyeusi iliyopendeza kwenye kompyuta inatoka kama doa la lami lenye meno. Tiba si kuongeza mwanga kote, maana utaosha mashati na mawingu. Angaza vivuli vya katikati peke yake, ile sehemu ya 50 ishuke hadi 40 au chini kidogo, na upunguze samawati kwenye ngozi, kwa kuwa samawati ndiyo inayoleta ule ujivujivu wa maiti. Kisha chapa kipande kwenye karatasi ileile, usikiamini kioo cha kompyuta.

Ukijumlisha asilimia za wino za rangi zote nne (samawati, majenta, manjano na nyeusi), mahali popote jumla isizidi 240. Picha iliyobadilishwa kwa mipangilio ya karatasi ya jarida inayong'aa hufika 300 na zaidi, na kwenye gazeti haikauki: inahamia ukurasa wa pili, inahamia kidoleni, inahamia kwenye shati jeupe la msomaji aliyekuwa anakwenda usaili. Maandishi meusi yawe nyeusi tupu, asilimia 100 ya bamba moja la kuchapia. Yakitengenezwa kwa rangi nne, bamba likiteleza robo milimita tu, kila herufi inapata kivuli cha pinki. Kwa sababu hiyohiyo, maandishi meupe ndani ya giza yasiwe chini ya pointi 12, nayo yawe manene bila vikia, vile vijimkia vya kwenye ncha za herufi.

Picha ya upana wa milimita 170 inataka pikseli kama 1,340 za upana baada ya kukatwa, yaani 200 kwa inchi. Mchoro wa kalamu nyeusi tupu uskaniwe kwa 1,200, la sivyo mistari inatoka na ngazi. Na picha ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama faili. Ikitumwa kama picha inapunguzwa njiani, wewe ukate nusu yake, kisha ushangae shimo limekuwa na pembe nne.

Na je, rangi nne ni lazima? Le Canard enchaîné limebaki na nyeusi na nyekundu, kurasa nane, bila tangazo hata moja, na hakuna aliyelidharau. Rangi mbili ni mabamba mawili badala ya manne: gharama inashuka, na nafasi za kuteleza zinapungua. Nyekundu iliyochanganywa tayari kwenye kopo hutoka safi hata kwenye herufi ndogo; nyekundu ya majenta juu ya manjano hukubali herufi kubwa tu. Kwa gazeti changa, nyeusi na nyekundu moja inatosha. Tena inakaza uso. Rangi nyingi hushawishi mtu kuzitumia.

Kuna ugumu mmoja ambao lazima tuutazame bila kupepesa. Tumesema ukurasa ufanane na wa kweli. Ukifanana mno? Mwaka 2012 The Onion lilimtangaza Kim Jong-un wa Korea Kaskazini kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote wa mwaka ule. Tovuti ya gazeti la People's Daily la Uchina ikaichukua kama habari, ikaweka na picha 55 za kumsifu. Mwaka huohuo shirika la habari la Fars la Iran lilichapisha kura ya maoni ya kubuni kutoka gazetini humohumo, kisha likaomba radhi. Wale walikuwa wahariri wenye madawati. Sembuse shangazi yako kwenye kundi la familia, anayepokea kichwa kilichokatwa peke yake, bila jina la gazeti?

Kwa hivyo sanifu ukijua utakatwa. Kichwa kikuu na jina la gazeti vikaribiane kiasi kwamba mtu akipiga picha ya kimoja anapata na kipande cha kingine. Weka jina dogo la gazeti ndani ya kona ya picha, kwenye sehemu yenye maana, si ukingoni panapokatika. Zaidi ya hayo, kichwa chenyewe kiwe na hatua moja ya upuuzi isiyoweza kufunikwa. Shimo kukatiwa utepe: hakuna atakayekwenda kulitafuta. Lakini "Shule Zafungwa Kesho", "Mafuta Yashuka Bei", "Fulani Afariki", hizo si kejeli hata kidogo. Hizo ni uongo, na mzazi atamzuia mtoto nyumbani kwa ajili yako. Afya, mitihani, siku ya kupiga kura: usiguse kwa umbo la taarifa.

Sheria nitaipitia haraka, maana mawakili wana ukumbi wao. Tarehe 6 Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kukashifu kuwa jinai. Kesi ya madai bado ipo, na ina meno. Anayetaka kusajili gazeti ajue pia dhamana: marekebisho ya mwaka 2002 yaliipandisha kutoka Sh10,000 hadi milioni moja. Lakini hatari inayomhusu msanifu hasa ni ujirani. Picha ya mtu wa kweli ikikaa kando ya kichwa kisichomhusu kinachosema "Wezi", ukurasa umesema jambo ambalo hakuna mwandishi aliyeliandika. Kwa hivyo soma ukurasa kama asiyejua mistari ya safu iko wapi: kila picha na kila kichwa kinachoigusa, juu, chini, kushoto, kulia. Na mpita njia asiye na cheo, aliyejikuta tu kwenye picha yako, akatwe au afichwe. Aliyeomba kura amekubali kutazamwa. Muuza mahindi hajakubali kuwekewa kiputo.

Mwisho wa siku ya kazi, kabla ya mabamba. Weka jalada la akiba, lililokamilika, lenye habari isiyochacha: shimo ni akiba nzuri, halitazibwa wiki hii. Ikitokea ajali au msiba alasiri ile, hutakaa saa mbili ukibishana kama kichekesho bado kinafaa, unabadilisha faili. Soma tarehe na namba ya toleo kwa sauti, kwa kuwa hakuna anayezisoma na ndizo hubaki za wiki iliyopita. Kisha chapa ukurasa kwenye karatasi mbili za A4 kwa mashine ya nyeusi na nyeupe, unganisha kwa gundi, kunja.

Halafu fanya kile ambacho mji wenyewe hufanya. Pale kituo cha mabasi cha Kencom, pale mtaa wa Tom Mboya, magazeti hulazwa chini yakipandana, na watu husimama kuyasoma bure huku wakingoja gari. Hawainami. Wanasoma wakiwa wima, kwa sekunde chache, sehemu iliyojitokeza tu, mara nyingi nusu ya juu. Lilaze lako sakafuni katikati ya matatu ya kweli, lifunike theluthi moja kwa gazeti la jirani, rudi nyuma hatua tatu. Unasoma nini? Kama jicho limeanza kwenye kichekesho, ukurasa umejichekea. Likianza kwenye jina, likapita kwenye kichwa, likafika hadi picha, kisha likarudi kwenye kichwa, hapo mpigie mchapaji.

Mlangoni tumelaza kurasa 12 chini, zikipandana, tisa za magazeti ya kweli na tatu za mazoezi. Katika zile tatu, moja ina pengo la WA, moja ina kiputo kwenye mkunjo, na moja haina kosa lolote tunalolijua. Mkitoka, tafadhali msiiname.